Maherena Kumi na Tisa

Kwa Mzee Kipriani Nsabimana hapakuwa na mti hata mmoja. Ukishuka barabara ya Mabamba, ukaiacha njia ya magari na kufuata kijia cha kisimani, ungezijua nyumba za watu kwa miti yao: kwa huyu mparachichi, kwa yule migomba, kwa mwingine mibuni iliyozeeka. Kwa Kipriani palikuwa na nyumba, choo, uwanja uliofagiliwa, na baada ya hapo maharage. Maharage yakivunwa, mahindi. Mahindi yakivunwa, viazi. Kitu cha kukaa ardhini zaidi ya mwaka hakukipanda, wala hakumruhusu mtu wa nyumbani mwake akipande.

"Mtu aliye safarini hapandi mti," alikuwa akisema.

Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana wa miaka ishirini, na tangu siku hiyo alikuwa anarudi. Anarudi kiangazi kijacho. Anarudi kukitulia. Anarudi mtoto akimaliza darasa la saba. Watoto wake walikulia ndani ya kurudi huko, wakila maparachichi ya kuomba kwa jirani.

Mkewe, Niyomwungere, alikuwa mwanamke wa kutii kwa mdomo. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba moja ya wageni mjini Kibondo, na barazani mwa nyumba ile kulikuwa kumening'inizwa maua ambayo hajapata kuyaona: mekundu kwa nje, zambarau kwa ndani, yameinamisha vichwa na kuteremsha nyuzi ndefu kama mapambo ya bibi harusi. Akaomba kitawi. Akakifunga kwa kitambaa kibichi, akaja nacho nyumbani. Kipriani alipokiona alitikisa kichwa hata kabla hajaulizwa.

"Sikipandi ardhini," Niyomwungere akasema. "Nakiweka koponi. Siku ya kuondoka nalibeba kopo langu kichwani."

Kipriani akarudi kwenye maharage yake. Ndivyo maua yale yalivyoingia katika nyumba isiyo na mti. Kitawi kimoja kikawa makopo mawili, mawili yakawa matano, makopo ya maziwa na madebe ya mafuta ya kupikia, yamepangwa ukutani upande wa mashariki. Watu wakayaita maherena, maana kwa lugha ya nyumbani hereni ni iherena, na maua yale yananing'inia hivyohivyo, kama kwenye sikio. Miaka mingi baadaye bwana shamba alipita, akasema jina lake ni fuksia. Wakamshukuru, wakaendelea kuyaita maherena.

Vestina, mtoto wa tatu, ndiye aliyepewa kazi ya kuyatunza. Mama yake alimfundisha kwa vidole. Alimwonyesha namna ya kutoboa kopo kwa msumari, matundu matano chini, na kutandaza vigae vya chungu kilichovunjika ili maji yapite lakini udongo ubaki. Udongo wa chini ya mgomba, mchanga wa mtoni, samadi ya mbuzi iliyolala mwaka mzima. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo, mwache. Kikitoka kikavu, mnyweshe, lakini asubuhi au jioni, kamwe si jua likiwa utosini. Ncha za matawi machanga zifinye, ili mche utanuke badala ya kurefuka kama mtu mwenye njaa. Na ua likinyauka litoe pamoja na kitunda chake.

"Ukiliacha lizae," mama alisema, "litaona limemaliza kazi, halitachanua tena."

Vile vitunda vyeusi Vestina alivila. Vilikuwa na utamu kidogo na uchachu kidogo, na vilimtia rangi ulimini.

Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mumewe naye alikuwa mtoto wa waliovuka, na watu walipoanza kurudishwa kwao kwa malori, alifunga magodoro. Vestina, akiwa na binti yao Irakoze mgongoni, alikaa juu ya godoro la mwisho asilifunge.

"Inuka, Mama Irakoze. Lori halisubiri."

"Mimi nimezaliwa hapa," Vestina akamwambia. "Nitarudi vipi nisikotoka?"

Mume akaondoka na magodoro mawili. Vestina akarudi kwa baba yake na godoro moja, na watu wakasema mengi, wengine mbele yake. Siku iliyofuata walimkuta uani anapogoa maherena ya mama yake.

Niyomwungere alipofariki aliacha makopo tisa. Halafu, baada ya miaka kadhaa ya kuitwa, kuandikwa, kupigwa picha na kuambiwa subiri, karatasi za uraia zikatoka. Vestina aliikunja ya kwake, akaitia katika mfuko wa nailoni, akauweka chini ya nguo. Juma hilohilo alichukua jembe, akaenda katikati ya uwanja, akaanza kuchimba.

Kipriani alitoka ndani na kikombe cha uji mkononi. "Unafanya nini?"

"Napanda maherena ya mama."

"Yako koponi."

"Yalikuwa koponi."

"Vestina! Mgeni hapandi kitu kitakachomzidi umri."

Vestina akasimama, akaegemea mpini. "Baba, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hapa umeshika jembe miaka mingapi?"

Mzee akarudi ndani. Siku kumi na tano hakumsemesha. Akitaka chumvi, aliiomba kwa kuitazama.

Ile mara ya kwanza Vestina alishindwa. Aliyapanda manne pale uwanjani, mbele kabisa, ili kila apitaye kisimani ayaone. Jua la mwezi wa nane likayakaanga. Asubuhi aliyamwagilia, adhuhuri yalikuwa yameinama, na katika wiki ya pili yote manne yalikuwa vijiti. Ndipo baba yake alipopata neno.

"Ardhi imekataa."

"Ardhi haijakataa. Nimekosea mimi."

Alikaa kutwa nzima akitazama kivuli, kinatoka wapi, kinakwenda wapi. Kivuli kizuri pekee kiwanjani kwao hakikuwa chao. Kilitoka kwenye migomba ya jirani yao, Tharsisi, kikamwagika kuvuka mpaka kuanzia saa tano mpaka jioni. Mvua za kwanza zilipopiga, akachimba palepale mpakani, kwa upande wao, mashimo ya kufika magoti. Akatia samadi. Miche akaizamisha chini zaidi ya ilivyokuwa koponi, vifundo viwili vya shina vikaingia udongoni, ili hata juu kukifa, chini kubaki na macho ya kuchipua. Akafunika kwa majani makavu ya mgomba, akiacha nafasi kuzunguka shina lisioze.

Yakashika. Loo, yalishika hata mwenyewe akaogopa! Mmea uliokaa koponi miaka ishirini ukiwa na urefu wa mkono, ardhini ulimfika kifuani kwa misimu miwili. Ndege wadogo wenye midomo mirefu wakaja wakawa wenyeji. Kila mwaka aliongeza miche, mpaka ikawa mstari wa maherena kumi na tisa, kutoka kona ya choo mpaka kwenye kijia, huku makopo mengine yakibaki ukutani kwa ajili ya mbegu na kwa ajili ya heshima ya mama.

Sasa Tharsisi. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa pale, na baba yake alizaliwa pale, na jeneza la Niyomwungere lilipotolewa, bega la mbele lilikuwa lake. Lakini mwaka juzi alinunua guta la pikipiki la kubebea ndizi, na guta halikupita kwenye kijia. Alipima kwa macho, akaona kwamba maherena yakiondoka, litapita.

Alikuja asubuhi, akasimama upande wake wa migomba. "Dada Vestina, hayo maua yako yananyonya mbolea ya migomba yangu."

"Migomba yako ndiyo inayashibisha kivuli, kaka. Nashukuru."

"Sisemi kivuli. Nasema uondoe. Hapo ni kwangu."

"Mpaka ni lile jiwe."

"Jiwe liliwekwa na nani? Babangu alimpa baba yako mahali pa kulala, hakumpa mahali pa kuotesha mapambo. Wageni mmezidi sasa."

Vestina alikuwa anachuma maua yaliyonyauka. Hakuacha. "Hilo neno lirudie mbele ya mwenyekiti," alisema. "Hapa tuko wawili, litapotea bure."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Hilali, mwenye duka la vifaa, mtu wa maneno machache na kalamu mbili mfukoni. Aliwasikiliza wote wawili, akasema shauri litakaa baada ya watu kupanda, maana kila mtu alikuwa anangoja mvua. Mpaka siku hiyo, akasema, pasiguswe kitu.

Siku ya gulio, mwishoni mwa mwezi wa nane, Vestina alikwenda Mabamba na ndoo ya maharage. Aliporudi saa tisa, aliona anga mahali ambapo hakuwa amezoea kuona anga. Maherena yote kumi na tisa yalikuwa yamekatwa kwa panga, yamebaki mashina ya urefu wa kiganja. Matawi yalikuwa yamelala kijiani na maua yake, mengine yamekanyagwa. Upande wa pili wa mpaka, kati ya migomba, mke wa Tharsisi, Leokadia, alikuwa amesimama na kanga mdomoni.

"Nilimkataza," Leokadia alisema. "Mungu ananiona, nilimkataza."

Majirani walikuja. Mtu anapofanyiwa hivyo watu huja kumsaidia kulia. Vestina alitua ndoo. Aliinama, akashika tawi moja, akalikunja. Lilikuwa bado na maji. Akatazama jua.

Kipriani alikuwa mlangoni. Alimwona aliyekata, hakuthubutu kutoka. "Sasa umeona," alimwambia binti yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiingojea siku hiyo tangu ujana wake.

"Nimeona," Vestina akasema. "Niletee mchanga, Baba."

"Mchanga?"

"Mchanga wa mtoni, ule ulio nyuma ya jiko. Na kisu changu kidogo. Upesi, kabla hayajanyauka."

Na Mzee Kipriani, ambaye hakuwa amegusa hata kopo moja la mkewe, akaenda nyuma ya jiko na kurudi na karai la mchanga, kisu kimechomekwa juu yake.

Vestina akakaa chini pale kijiani, kila mtu akimtazama, akaanza kukata. Alichagua vitawi visivyo na ua, vyororo bila kuwa laini mno. Kila kipande alikipa vifundo vitatu. Akakata chini kidogo ya kifundo, akayatoa majani ya chini, akabakiza mawili juu. Yaliyokuwa makubwa aliyapunguza nusu, yasinywe kuliko uwezo wa kijiti kisicho na mizizi. Wanawake waliokuja kulia wakajikuta wanaosha makopo. Mmoja akakumbuka chupa tupu za maji alizokuwa nazo. Zikakatwa vitako, zikafunika vipandikizi kama kofia ili unyevu usitoroke. Jua lilipozama kulikuwa na vipandikizi mia moja na arobaini na vitatu kwenye mchanga, chini ya ukuta wa mashariki.

Mashina yaliyobaki mpakani aliyafunika kwa majani makavu. Kila jioni aliyapa maji ya kuoshea vyombo, bakuli moja kwa kila shina, akipita mbele ya macho ya Tharsisi bila kuharakisha hatua. Alikuwa akimsalimia. "Habari za jioni, kaka." Tharsisi alijibu salamu huku anatafuta kitu chini.

Wiki ya nne vipandikizi vilianza kutoa majani mapya. Ukivivuta kidogo, vinashikilia. Vingi vilioza, lakini tisini na kitu vilipona. Vestina akavitia makopo, akaanza kutembea. Aliingia nyumba kwa nyumba, ya waliovuka na ya waliozaliwa, ya Wakatoliki, ya Wapentekoste, kwa Hilali mwenyewe, ambaye mkewe alimpokea kwa mikono miwili. Kila mahali alichomeka kidole udongoni kuwaonyesha, mpaka kiungo cha pili.

"Na akija kukata na hapa?" mama mmoja alimuuliza.

"Atachoka yeye kwanza."

Mvua zikaja. Siku ya tatu ya mvua, mashina yale ya mpakani yakatoa macho mekundu, si moja moja, bali matano, sita, kila shina. Vestina mwenyewe alikuwa akiogopa kuyapogoa chini kiasi kile. Mwezi wa kumi na moja, shauri lilipokaa, mstari wa maherena ulikuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya panga.

Walikaa katika chumba cha darasa, Jumamosi, wazee saba kwenye madawati ya watoto na Hilali mezani kwa mwalimu. Tharsisi alisimama wa kwanza, na alikuwa amejiandaa. Habari ya panga aliipita haraka. Alikwenda moja kwa moja kwenye jambo zito.

"Wazee wangu, sisi tunajua shamba la mtu kwa nini? Kwa mti. Mti ndio shahidi. Nendeni kwa Mzee Kipriani mkanionyeshe mti. Miaka hamsini hana mti! Na mwenyewe anasema, ninyi wote mmemsikia, anasema anarudi kwao. Mtu anayerudi kwao ana mpaka gani?"

Watu wakanong'ona, maana ilikuwa kweli. Nani hakuwa amemsikia? Vestina alikuwa amejiandaa kwa neno mgeni, kwa mbolea, kwa guta. Kwa hili hakujiandaa, kwa sababu lilitoka mdomoni mwa baba yake.

Hilali akageuka. "Mzee Kipriani, ni kweli ulisema hivyo?"

Kipriani akainuka taratibu, akishikilia dawati. Alivaa koti lake la kanisani. Aliwatazama wazee wale, wengine aliokuwa amelima nao, wengine aliowaona wanazaliwa.

"Nilisema," akajibu. "Nimesema kila siku."

Vestina alifumba macho.

"Ilikuwa uongo," mzee akaendelea. "Mwaka wa kwanza haukuwa uongo. Wa pili pia. Baada ya hapo nikawa najua sirudi, nikaendelea kusema. Mtu akishasema jambo mbele ya watoto wake anaona haya kuliacha. Andika hivyo, mwenyekiti. Andika, Kipriani Nsabimana alidanganya miaka hamsini, yuko hapa, na hatoki. Na maherena yale aliyapanda mwanangu kwa kunikaidi, na alifanya vizuri."

Akakaa. Dawati likalia. Hilali alishika kalamu ya kwanza, haikuandika, akatoa ya pili.

Mchana huo walikwenda na kamba, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mkuyu wa kisimani, ambao wazee wote walikubaliana ndio uliokuwa alama tangu zamani. Hapo ikaonekana jambo ambalo Vestina hakulipenda. Upande wa juu kamba ilimpa haki. Upande wa chini, karibu na kijia, iliingia ndani hatua moja, na maherena manne yakabaki kwa Tharsisi.

Tharsisi aliamriwa kuomba radhi kwa kukata kabla ya shauri. Aliomba, akiitazama kamba. Guta lake halikupata njia pale, hatua moja haikutosha; linazungukia juu, na mpaka leo akiwasha pikipiki analalamika.

"Hayo manne ni yako," Vestina alimwambia mbele ya wote. "Yanataka maji jioni."

"Nitayang'oa."

"Ng'oa. Ila ukiyang'oa, matawi nirushie upande wangu. Unajua nayafanya nini."

Mzee mmoja akacheka, kisha wengine. Tharsisi aling'oa mawili keshoye, kwa ajili ya heshima yake. Alipolifikia la tatu, Leokadia alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele ya mmea, na hakuna ajuaye walichoambiana. Mawili yamesimama hadi sasa, na anayeyapogoa ni Leokadia. Anayapogoa vibaya, anaacha vijiti virefu. Vestina humkosoa kutoka upande wa pili.

Kipriani hakuanza kupanda. Mtu wa miaka sabini na mitatu hageuki kwa siku moja. Lakini mbuzi wa watu wakisogea mpakani hutoka na fimbo, na akiulizwa na wapita njia hujibu kwa ukali, kana kwamba amekuwa akiyalinda tangu mwanzo.

Habari za maherena zilifika Kasulu kupitia Irakoze, anayesomea ualimu huko. Mwaka huu, mwezi wa sita, Nurudini, mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, alimpigia Vestina simu. Alitaka makopo thelathini kwa ajili ya baraza lake. Vestina alipanda basi na matatu tu, apaone kwanza.

Baraza lilikuwa zuri, limepigwa rangi mpya. Lilitazama magharibi, chini ya bati tupu, na sakafu ya saruji ilikuwa inarudisha joto kama kikaango. Vestina alivua kiatu, akaikanyaga. Akakirudisha haraka.

"Shikamoo, mzee. Hapa hapafai."

"Marahaba, binti yangu. Hapafai vipi? Ndipo wageni wanapokaa."

"Wageni wanaingia ndani wakisikia joto. Ua haliwezi kuingia ndani. Weka chandarua cha kivuli, au panda mzabibu utambae juu ya bati. Kisha nitaleta."

"Nakulipa leo," Nurudini alisema, akiwa amezoea kwamba sentensi hiyo humaliza mambo. "Yakifa, ni yangu yaliyokufa."

"Siuzi kitu kiende kufa."

"Mama, wewe ni mfanyabiashara au ni nani?"

Vestina aliyainua makopo yake, moja kwapani, mawili mikononi. "Mimi ni Vestina Kipriani wa Kibondo," akasema. "Ukishaweka kivuli, nipigie."

Akavuka barabara kwenda stendi na maua yake yakicheza mbele ya vumbi la mabasi. Kondakta alimwambia maua yanalipiwa nauli ya mzigo. Vestina alimwambia mzigo ni kile kinachowekwa chini, na haya atayapakata. Akapanda, akakaa dirishani, upande usio na jua.